Kinaa au Ufukara? Uchache wa Hiari na Afya ya Akili kwa Jicho la Lugha na Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Mgeni aliyekula pilau ya mafuta mengi harusini husukuma sinia kando na kusema, "Nimekinai." Mzee mwenye nyumba ya vyumba viwili, mbuzi watatu na shamba dogo, asiyetamani cha jirani, husemwa na wanakijiji wenzake kuwa amekinai. Kitenzi ni kimoja, na kamusi hukipa maana zote mbili: kuridhika na kile mtu alicho nacho, na kushiba kitu hadi kikachukiza. Aghalabu mfano huu hutajwa darasani kama kielelezo kimoja cha polisemia, kisha somo likaendelea na mifano ya 'kaa' na 'paa'. Makala haya yanachelewa kidogo hapo. Maana hizo mbili za neno moja zinaeleza, kwa uwazi unaovipita vitabu vingi vya ushauri, kwa nini watu wa zama hizi huchagua kuishi na vitu vichache na kwa nini uchaguzi huo huwatuliza baadhi yao.

Mtindo wa maisha unaorejelewa ni ule uliovuma kutoka Marekani na Japani tangu mwaka 2010 hivi. Mtu hupitia nguo zake, vyombo, vitabu na samani, akagawa au kutupa sehemu kubwa, akabaki na vile anavyovitumia kwa hakika. Wanaoutetea husema kwamba aliyefanya hivyo hupata usingizi, hupungukiwa na wasiwasi na huanza kupumua. Madai haya yamefika Nairobi, Mombasa na Eldoreti kupitia vitabu, televisheni na simu, na si ajabu siku hizi kumsikia mwanafunzi wa chuo kikuu akiyarudia kama ukweli usiohitaji ushahidi. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: anayetulizwa ni nani, na hasa anatulizwa na nini? Msimamo wa makala haya ni kwamba kinachotuliza akili si uchache wa vitu. Ni hali ya mtu kuweza kusema "basi" ilhali angeweza kuongeza. Pasipo uwezo huo, vitu vichache ni dhiki tu, na dhiki haijapata kuwa dawa.

Tatizo la istilahi

Mtindo huu bado hauna jina lililokubalika katika Kiswahili. Anayetohoa neno la Kiingereza hupata 'minimalizimu', umbo linalokubaliana na sauti za Kiswahili lakini lisilomwambia chochote msikilizaji ambaye hakulijua tangu awali. Wengine hupendelea 'uchache'. Kasoro ya neno hili ni kwamba hutaja idadi na kunyamaza kuhusu nia: uchache wa mvua, uchache wa walimu na uchache wa fedha ni uchache vilevile, wala hakuna aliyeuchagua.

Pana pia 'usahili wa hiari'. Istilahi hii inalingana na ile iliyobuniwa mwaka 1936 na Richard Gregg, Mmarekani aliyeishi India na kujifunza kwa Gandhi. Umuhimu wake umo katika neno la pili. Gregg aliona mapema kwamba ukiondoa hiari hubaki tu ukosefu. Hata hivyo, istilahi yenyewe ni ndefu na ina ubaridi wa ofisini. Ni vigumu kumfikiria bibi yeyote wa Lamu au wa Vihiga akimsifu mtu kwa usahili wa hiari.

Kiswahili kina 'zuhudi', neno la kale lenye asili ya Kiarabu, linalomaanisha kujitenga na anasa za dunia kwa ajili ya ucha Mungu. Ni neno zuri, ila limefungamana na ibada. Anayepunguza viatu vyake kutoka jozi ishirini hadi mbili ili apate nafasi chumbani hakufanya zuhudi.

Linabaki 'kinaa', pamoja na nduguye 'ukinaifu'. Kinaa haisemi mtu ana vitu vingapi. Inasema amesimama wapi mbele ya vitu hivyo. Isitoshe, imebeba ndani yake kumbukumbu ya kushiba, yaani imeficha hadithi nzima ya mtu aliyepita katika wingi akatokea upande wa pili. Ukilinganisha na utajiri wa msamiati tulio nao wa kutaja asiye na kitu (mkata, fukara, maskini, hohehahe, mlalahoi), unagundua jambo la kusikitisha kidogo: lugha hii imekuwa na kazi nyingi ya kuwataja walionyimwa, na kazi chache ya kuwataja waliokataa. Tofauti hiyo ni ya kihistoria, na itarejelewa hapa chini.

Wanaochagua na sababu zao

Mfano wa zamani unaotajwa mno ni wa Henry David Thoreau. Mnamo Julai 1845 alihamia kibanda alichojijengea kando ya ziwa la Walden, jimboni Massachusetts, akaishi humo hadi Septemba 1847. Kitabu chake kilitoka mwaka 1854. Humo aliorodhesha gharama ya kibanda hadi nusu ya senti: dola 28 na senti kumi na mbili u nusu. Wasomaji wengi hukumbuka hesabu hiyo na kusahau mambo mengine. Ardhi ilikuwa ya rafikiye, Ralph Waldo Emerson. Thoreau alikuwa amehitimu Harvard. Mji wa Concord, walikoishi jamaa zake, haukuwa mbali, naye aliuendea mara kwa mara. Haya hayasemwi ili kumdhihaki. Yanasemwa kwa kuwa kibanda chake kilikuwa na kitu ambacho hakimo katika orodha ya gharama, nacho ni mlango wa kurudi.

Mlango huo wanao pia wafuasi wa sasa. Joshua Fields Millburn, Mmarekani, alikuwa na cheo na mshahara mnono katika kampuni aliyofanyia kazi. Mwaka 2009 mamaye alifariki, na katika mwezi huohuo ndoa yake ikavunjika. Baada ya hapo alianza kupunguza vitu, na mwaka uliofuata yeye na rafikiye Ryan Nicodemus wakaanza kuandika na kuhubiri juu ya maisha ya vitu vichache. Fumio Sasaki, mhariri wa vitabu jijini Tokyo, alikuwa na chumba kilichojaa vitabu, santuri na kamera asizozitumia, huku akili yake ikishinda ikijilinganisha na wenzake. Kitabu chake kilitoka kwa Kijapani mwaka 2015 na kwa Kiingereza mwaka 2017. Katika maelezo ya Sasaki imo sababu ambayo msomaji wa Afrika Mashariki hangeifikiria upesi: tetemeko la ardhi la Machi 2011. Vitu ambavyo Wajapani walivithamini viliwaangukia na kuwajeruhi ndani ya nyumba zao wenyewe. Anaongeza sababu ya teknolojia, kwamba simu moja imemeza kamera, redio, ramani na saa. Hili la mwisho linaeleweka vizuri Kenya, ambako tangu Machi 2007 simu imemeza hata benki, na kabla ya hapo ilikuwa imekwisha kuimeza tochi.

Sababu nyingine zinajulikana na hazihitaji kuchelewesha: madeni, hasa baada ya msukosuko wa kifedha wa 2008, hofu ya kuchafua mazingira, kazi zinazomhamisha mtu kila mwaka. Lakini katika visa vya Millburn na Sasaki unaonekana mkondo mmoja ambao Kiswahili kimekwisha kuutaja. Wote wawili walikinaishwa kwanza, ndipo wakakinai. Walipitia maana ya pili ya kitenzi ili kuifikia ya kwanza. Hawakuanza na sinia tupu.

Vidaka vya Pate

Mkondo huo si mgeni katika fasihi ya Kiswahili. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyezaliwa katika karne ya 18 na kuishi hadi mwanzoni mwa karne ya 19, alitunga Al-Inkishafi akiyatazama magofu ya Pate. Pate ilikuwa dola ya biashara. Majumba yake ya mawe yalikuwa na kuta zilizochongwa vidaka, yaani vishimo vya ukutani vya kupambia, na ndani ya vidaka hivyo zilipangwa sahani za kaure zilizoletwa na mashua kutoka ng'ambo. Inafaa kutua hapo. Sahani ya kidakani haikuliwa chakula. Kazi yake ilikuwa kutazamwa. Kidaka ni ushahidi wa usanifu wa majengo kwamba Waswahili wa tabaka hilo walikwisha kulijua tatizo la vitu visivyotumika miaka mingi kabla ya Tokyo. Sayyid Abdalla anaonyesha taa zilizozimika, majumba yaliyobaki matupu, na ndege walioatamia pale palipokuwa na kaure.

Wahakiki wengi huusoma utenzi huu kama mawaidha ya dini, na bila shaka ni mawaidha ya dini. Kinachopitwa upesi ni nafsi inayowaidhiwa. Mshairi haukemei umma. Anauzungumzia moyo wake mwenyewe, anaubembeleza na kuukaripia, anauuliza kwa nini umeghurika. Kwa istilahi za leo, huu ni utungo kuhusu uhusiano wa akili ya mtu na mali yake, uliotungwa kwa mbinu ya majadiliano ya ndani. Tena aliyetunga hakuwa mkata. Alikuwa wa ukoo wa masharifu, wa tabaka la wenye majumba hayo. Moyo anaoukaripia ni moyo wa mtu ambaye jamaa zake walikuwa na vidaka. Yaani Al-Inkishafi nayo inafuata njia ileile, kutoka wingi kwenda kinaa, na inazungumza kutoka ndani ya nyumba kubwa. Mwalimu anayeisoma mbele ya wanafunzi ambao nyumba zao hazijapata kuwa na rafu, sembuse kidaka, angefanya vyema kuitaja tofauti hiyo kabla ya kuanza kutoa mafunzo.

Ushahidi kuhusu akili

Je, ni kweli kwamba vitu vingi huchosha akili? Uchunguzi unaotajwa sana ni ule wa Darby Saxbe na Rena Repetti, uliochapishwa mwaka 2010. Walichunguza wanandoa 60 wa Los Angeles ambao mume na mke wote walikuwa na kazi. Kila mmoja alizunguka nyumbani kwake huku akiieleza nyumba hiyo kwa maneno yake, na mate yake yakapimwa kiwango cha kotisoli, homoni inayohusiana na msongo. Kwa kawaida kotisoli huwa juu asubuhi na hushuka kadiri siku inavyokwenda. Kwa wake walioeleza nyumba zao kwa maneno ya msongamano na kazi zisizokwisha, mteremko huo ulikuwa hafifu, na hali yao ya moyo ilizidi kuwa nzito kuelekea jioni. Kwa waume haikuonekana hivyo.

Mwanafunzi wa lugha ana mambo mawili ya kuyaona hapa. Kwanza, kilichopimwa hakikuwa idadi ya vitu, bali maneno. Watafiti walihesabu msamiati wa mwenye nyumba. Hakuna aliyehesabu viti. Pili, tofauti ya wake na waume haielezeki kwa vitu, kwa sababu vitu vilikuwa vilevile na nyumba ni moja. Inaelezeka vizuri zaidi kwa swali la nani anatazamiwa kuviondoa. Msomaji wa Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, hatashangaa. Humo usafi na mpango wa nyumba ni sehemu ya wosia wa mama kwa bintiye, na hakuna wosia kama huo kwa mume. Rundo la nguo juu ya kiti kwa mume ni nguo. Kwa mke ni kazi inayomngoja. Ni lazima pia kukiri kwamba uchunguzi wa aina hii unaonyesha mambo mawili yakiandamana na hauthibitishi kwamba moja limezaa jingine. Huenda aliyelemewa moyoni ndiye anayeiona nyumba yake kuwa imelemewa.

Ushahidi wenye mapana zaidi ni wa Helga Dittmar na wenzake. Mwaka 2014 walikusanya matokeo ya tafiti nyingi, zenye zaidi ya sampuli 250, kuhusu watu wanaoitanguliza mali katika maadili yao. Wenye kuitanguliza walielekea kuwa na hali duni ya nafsi. Uhusiano huo haukuwa mkubwa, lakini ulijitokeza tena na tena. Hapa pia iko haja ya kusoma kwa makini. Walichokipima ni thamani ambayo mtu huipa mali, na hiyo ni tofauti na wingi wa mali yenyewe. Kijana mwenye shati moja anaweza kuteswa usiku kucha na viatu vya mwenzake, na tajiri mwenye magari matatu anaweza kuyasahau. Kinaa na uchache ni vitu viwili, na takwimu zinaafiki.

Ndiyo maana kupunguza vitu kwenyewe kunaweza kugeuka maradhi ya aina nyingine. Kulikuwa na wakati Marekani watu walishindana kubaki na vitu 100 tu, wakihesabu soksi na kalamu. Anayehesabu kalamu ili zisizidi hana tofauti kubwa na anayehesabu ng'ombe ili wasipungue; wote wawili mchana kutwa akili zao zimo zizini. Marie Kondo wa Japani, ambaye kitabu chake cha mwaka 2010 kiliwafundisha mamilioni ya watu kukishika kila kitu mkononi na kujiuliza kama kinawapa furaha, alikiri mwaka 2023, baada ya kupata mtoto wa tatu, kwamba alikuwa amelegeza kamba nyumbani kwake. Baadhi ya wafuasi waliona kuwa amewasaliti. Pengine hilo lilikuwa tendo lake la kinaa kuliko yote.

Wasioweza kutupa

Katika mafundisho ya Millburn na Nicodemus imo kanuni moja mashuhuri: kama kitu kinaweza kununuliwa tena kwa chini ya dola 20, na katika muda usiozidi dakika 20, kitupe. Dola 20 ni zaidi ya shilingi 2,500 za Kenya kwa viwango vya mwaka 2025. Kanuni hiyo ikisomwa katika boma la Kitui au la Nyamira, karibu kila kitu ndani ya nyumba kingestahili kutupwa, na hakuna hata kimoja ambacho mwenyewe angekuwa na hakika ya kukipata tena kesho.

Bibi anayehifadhi mkebe wa mafuta ya kupikia uliokwisha, kamba zilizokatika, magunia na baiskeli iliyokufa hana maradhi ya kulimbikiza. Maradhi hayo yapo. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliyatambua kuwa ugonjwa unaojitegemea mwaka 2013, na kiini chake ni mateso anayoyapata mtu akitakiwa kuachana hata na kitu kisicho na faida. Mkebe wa bibi una faida. Utawekewa sukari, utapimiwa mahindi, utachotea maji. Waliosema "Akiba haiozi" hawakuwa na duka umbali wa dakika ishirini. Ni kweli kwamba methali hizohizo za Kiswahili zilijua pia ulevi wa kununua, kwani ndizo zilizosema "Kipya kinyemi ingawa kidonda". Lakini zilitungwa na watu walioujua uhaba kwa karibu, na hekima yao imepimwa kwa kipimo hicho.

Athari ya uhaba huo kwa akili imechunguzwa. Mwaka 2013 Anandi Mani na wenzake walichapisha matokeo kutoka Tamil Nadu, India, kuhusu wakulima wa miwa waliopimwa kabla ya mavuno, mfuko ukiwa mtupu, na tena baada ya mavuno. Watu walewale walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya akili kabla ya mavuno. Akili yao haikuwa imepungua. Ilikuwa imeshikwa na hesabu za madeni. Nchini Kenya kwenyewe, Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifanya utafiti Rarieda, katika Kaunti ya Siaya, uliochapishwa mwaka 2016. Kaya zilizochaguliwa zilikuwa zile zilizoishi katika nyumba za kuezekwa kwa nyasi. Baadhi zilipewa fedha bila masharti yoyote na nyingine hazikupewa, kisha zikalinganishwa. Waliopewa waliongeza mali: mifugo, samani, na hasa mabati ya kuezekea. Walipoulizwa kuhusu nafsi zao, furaha na kuridhika na maisha vilikuwa vimepanda, msongo na sonona vimeshuka. Kwa waliopewa kiasi kikubwa, hata kotisoli ilikuwa chini.

Kotisoli ni ileile, ya Los Angeles na ya Rarieda. Kule ilihusiana na nyumba iliyosongamana vitu. Huku ilishuka baada ya vitu kuongezeka. Anayeshikilia kwamba uchache wenyewe ndio unaotuliza hana namna ya kuyapatanisha matokeo haya mawili. Anayeshikilia kinaa anayo. Mke wa Los Angeles alitawaliwa na vitu. Mkulima wa Rarieda alitawaliwa na ukosefu wake, kwa kuwa paa la nyasi hudai kuezekwa upya na huvuja usiku wakati ambao mtu hana la kufanya. Wote wawili hawakuwa na nafasi ya kusema "basi". Bati lilimpa mkulima nafasi hiyo. Huenda safari ya kuelekea kinaa, kwa mtu wa paa la nyasi, inaanzia dukani kwa mwenye mabati.

Pana uhusiano mwingine kati ya ulimwengu huu miwili, nao hupita Gikomba. Jaketi lililomkinaisha mwenyewe Uingereza, akalitoa ili chumba chake kipumue, halikutoweka duniani. Lilifungwa katika robota, likasafirishwa, likafunguliwa asubuhi mbele ya wanunuzi waliorauka. Utulivu wa nafsi wa mtu mmoja umekuwa mtaji wa pili na vazi la tatu. Hakuna ubaya katika biashara hiyo, ila mfasiri wa vitabu hivi vya ushauri anapofika kwenye sentensi inayomhimiza msomaji atoe nguo kuukuu "kwa wahitaji", inambidi akumbuke kwamba msomaji wake wa Kiswahili mara nyingi ndiye mhitaji aliyekusudiwa.

Kinaa darasani na kamusini

Suala hili lina uzito kwa wanafunzi wa vyuo vikuu kuliko linavyodhaniwa. Mwanafunzi anayelala wanne katika chumba kilichojengewa wawili, anayekula mlo mmoja kwa siku akingoja mkopo wa masomo, anaweza kusifiwa kuwa anaishi maisha ya kiasi, naye mwenyewe akajifunza kujisifu hivyo mtandaoni kwa picha ya kitanda, kitabu na kikombe. Picha itakuwa sawa na ya Sasaki. Akili haitakuwa sawa. Hatari ya neno lolote litakalochaguliwa kuutaja mtindo huu ni kwamba litatumiwa kuifunika njaa kwa shuka safi, na mtu aliyelemewa akaona haya kusema kuwa amelemewa, kwa kuwa amekwisha kuambiwa kuwa hali yake ni hekima. Mshauri wa wanafunzi anayemwambia wa namna hiyo "ridhika" ametumia wosia wa Sayyid Abdalla kwa moyo ambao haukukusudiwa.

Kuhusu usomaji wa Al-Inkishafi, swali moja likiongezwa katika semina lingetosha kubadilisha mjadala: moyo huu ulikuwa na nini kabla ya kuambiwa uache? Swali hilohilo linafaa kwa riwaya na tamthilia ambamo mhusika maskini hupewa utulivu wa nafsi kama zawadi ya kuliwazia wasomaji, na mwenye mali akapewa kichaa. Mpangilio huo umezoeleka mno katika maandishi ya kiadilifu hivi kwamba wanafunzi huutaja katika majibu ya mtihani kabla hata ya kuisoma kazi yenyewe.

Kwa upande wa leksikografia, pendekezo ni dogo. Kamusi zinapoingiza kidahizo cha 'kinai' huziorodhesha maana zake mbili kana kwamba zimekutana kwa bahati. Wanaleksikografia wanaweza kuziunganisha kwa mfano mmoja wa matumizi unaoonyesha mtu aliyeshiba akakoma, na kuutofautisha na mfano wa mtu aliyekoma kwa sababu sufuria imekwisha, ambaye kwake kitenzi kifaacho si hiki.